Matanga ya Dada Aliye Hai

Wazee wenzangu, na nyinyi mama zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Jina la dada yangu sitalitaja. Watoto wenu walikua wakisikiliza hadithi zake redioni, na televisheni ilipokuja wakamwona uso.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu hapa Garsen, na redio pekee ya mtaa ilikuwa nyumbani kwangu. Dada alikuwa Mombasa, akitangaza kipindi cha watoto na kuigiza michezo. Wenzangu walinitania: "Mwalimu, dadako kawa mwigizaji! Ataolewa na nani, maikrofoni?" Nilicheka nao, lakini aibu ilinila.

Jioni moja dada aliigiza mwanamke anayekufa kwa homa. Alimwita mamake, akakohoa, akanyamaza. Mama yetu, aliyekuwa kipofu, akapiga yowe. "Mwanangu huyo! Naijua sauti yake!" Majirani wakaja mbio. Kulipokucha mikeka ilikuwa imetandikwa, matanga yameanza.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilijua ni mchezo. Mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, ni kweli?" Nikainamisha kichwa. Niliona heri wamzike kuliko kuniita kaka wa mwigizaji.

Mama akakataa chakula. Barua za dada zilikuja. Msomaji wa nyumba ni mimi, nikazificha. Kipindi chake kikifika, nazima redio. Mara tatu niliketi kando ya mama nikafungua mdomo nimwambie, nikaishia kuomba maji. Akafa kabla ya mvua kuisha.

Mafuriko ya mvua ile yalipopungua na njia kufunguka, dada akaja. Watu walimkimbia. "Jamani, mbona mnanitoroka?" alicheka. Nikampeleka kaburini kwa mama, nikamweleza yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Aliniita kwa jina gani?" Nikamwambia, lile la utotoni. Akaketi chini.

Nilikunywa pombe ya mnazi miaka mingi ili nisisikie kile kikohozi cha dada redioni. Bado nakisikia, na mwenyewe yuko hai. Siku moja mke wangu akaniambia, "Baba fulani, matanga uliyaacha yaanze mbele ya watu. Kayaanue mbele ya watu." Nikawaita wote walioomboleza, nikatandika mikeka, nikasimama, nikasema kwamba nilijua tangu mwanzo. Wengine waliondoka. Waliobaki wakakunja mikeka pamoja nami.

Nawashukuru hao, na mke wangu, na dada, aliyeendelea kuniandikia hata niliposhindwa kujibu. Ukiulizwa na jibu unalo, litoe hapo hapo. La kwangu lilifika. Aliyelihitaji alikuwa ameshazikwa.