Mzee Bado Anatoka Getini kwa Kilomita Kumi na Tano

Ijumaa ya tarehe thelathini, saa kumi kamili jioni, Mzee Bado atakabidhi ufunguo wa kabati lake baada ya kuitumikia karakana yetu ya magari ya wagonjwa kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Mkuu wa karakana amesisitiza iandikwe saa kumi kamili. Mstaafu mwenyewe aliomba iwe saa tisa na nusu, na hotuba ziwe mbili tu, maana zikizidi hapo hataweza kukaa. Tunaomfahamu tunajua kwamba hata hiyo ya pili ataisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

Aliingia hapa kama mwosha magari. Miaka miwili baadaye alikuwa fundi wa breki, na kwa miaka ishirini na miwili iliyopita amekuwa mpimaji. Kwa wageni wetu wa siku hiyo: gari la wagonjwa likishatengenezwa halirudi barabarani mpaka mpimaji awe amelijaribu na kutia sahihi. Fomu ina visanduku viwili vya kuweka alama, kimoja cha Tayari na kimoja cha Bado. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wetu hatulijui, lakini kisanduku alichokipenda tunakijua.

Wapimaji wengine hushika usukani. Yeye alimwachia dereva usukani, akapanda nyuma, akajilaza kwenye machela, akajifunga mikanda na kufumba macho. Alisema mgonjwa hakai mbele. Akiwa amelala hivyo, gari likizunguka uwanja wetu wa nyuma, aliweza kutaja beringi ya gurudumu gani imeanza kuvuma na springi ipi imechoka. Mara moja tu alipitiwa na usingizi humo ndani, akarudishwa akikoroma, na alipoamshwa akasema gari hilo ni zima kabisa. Ndiyo Tayari ya haraka kuliko zote alizowahi kuandika.

Wazee wa kazi wanakumbuka siku ya kukabidhi gari jipya, utepe umefungwa, wageni wamekaa, mkasi uko kwenye sinia. Yeye akaandika Bado. Mkuu wa wakati huo alibadilika rangi. Mzee akasema kuna kitu nyuma kinagonga, kidogo sana, kila gari linapokata kona. Walifungua wakakuta kishikio cha mtungi wa oksijeni kimefungwa kwa nati moja kati ya nne. Utepe ulikatwa wiki iliyofuata.

Namna yake ya kupima kona ndiyo aliyotufundisha sote. Kwanza unatafuta mwendo ambao gurudumu la ndani linaanza kuiacha ardhi. Unaupata kweli, huukisii. Kisha unatoa kilomita nne kwa saa, na hapo ndipo unapoandika mpaka. Gurudumu likibaki chini unaandika neno moja, "kimya". Likinyanyuka unaandika "juu". Hataki maelezo. Nilipoletwa kwake kutoka stoo kujifunza kazi, niliandika sentensi nzima kuhusu kona moja, akaisoma, akaniuliza kama barua hiyo naipeleka posta.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karakana nzima imelizungumza mwaka huu.

Wanawe walimnunulia kochi la kustaafia. Kubwa, la kuegemea, lina mahali pa kuweka kikombe. Alilizunguka, akalisukuma kwa mguu, akaja kazini Jumatatu na kutuambia nyumbani kwake kumeletwa gari lisilo na magurudumu. Tulicheka. Lakini wiki hiyo hakutulia hata kidogo. Chai aliinywa akitembea, na benchi alilipangusa mara tatu bila kulikalia. Goti lake la kulia limeharibika, baiskeli ya kawaida haliwezi tena. Mwenyewe husema hili ndilo la kulia na kweli linalia, la kushoto bado linacheka. Binti yake anaishi ng'ambo ya mji, kona saba kutoka kwake, ya geti letu ikiwamo, na kila akitaka kumwona mjukuu inabidi asubiri mtu aje kumchukua. Mzee Bado kusubiri kuchukuliwa! Aliniambia, akiwa amenipa mgongo na kujifanya anatafuta spana, kwamba kifo hakiogopi sana, anachokiogopa ni kuketishwa.

Kwa hiyo akajijengea chombo. Ni baiskeli ya magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, yenye mota na betri, na dereva wake hulala chali akitanguliza miguu. Fremu ni mabomba ya vitanda vilivyotupwa, fundi wetu wa kuchomea akamuunganishia. Kiti ni machela kuukuu iliyokatwa. Watu wakakiita Kitanda. Siku ya kwanza alipokipitisha getini amelala juu yake, mlinzi alimuuliza kama mgonjwa karuhusiwa au katoroka.

Mkuu alimruhusu kukijaribu kwenye uwanja wa nyuma kila Jumamosi mchana, kwa sharti moja: ruhusa hiyo ni ya mfanyakazi. Siku akistaafu, uwanja umefungwa kwake. Tulichora kona ya geti letu kwa chokaa, hatua kwa hatua, kwa sababu ndiyo kali kuliko zote saba za njia yake. Yeye alilala na kuendesha, mimi nikashika daftari. Binti yangu wa miezi tisa, ambaye mafundi wamempa jina la Spana kwa sababu akishika kitu hakiachii, alikuwa mgongoni kwangu. Ndiyo maana mimi naitwa Mama Spana, na ndiyo maana kosa likatokea.

Mtoto alikuwa halali. Nesi wa kliniki aliniagiza niandike kila anapolia, amelia dakika ngapi, na baada ya hapo imekuwaje. Daftari nililokuwa nalo siku zile ni moja. Ukurasa wa kushoto kona za Mzee, ukurasa wa kulia mtoto. Mtu aliyelala saa tatu kwa siku nne hawezi kukumbuka kurasa. Jumamosi moja, katikati ya majaribio, niliandika kwenye ukurasa wa Mzee mstari huu: "Kulia 22, kimya."

Mwanangu alikuwa amelia dakika ishirini na mbili, kisha akanyamaza.

Mzee aliusoma mstari huo kama mpimaji. Kukata kulia, kilomita ishirini na mbili, gurudumu liko chini. Alifurahi sana, maana hakukumbuka kuwahi kufika mwendo huo, akadhani furaha ndiyo iliyomfanya asahau. Jumamosi iliyofuata alimwalika mkewe, mwalimu aliyestaafu miaka mitatu kabla yake, aje aone. Mama alikuja na mwavuli na kiti chake. Mzee akalala, akapunga mkono, akaingia kona ya kulia kwa kilomita kumi na nane tu, kwa heshima ya mgeni, tayari ametoa zake nne.

Kitanda kilipinduka kama chapati.

Aliteleza juu ya kiwiko mpaka kwenye rundo la matairi. Kiatu kimoja kilibaki katikati ya kona ya chokaa. Sisi wote tulikimbia, ila mkewe alitembea. Alikiokota kiatu, akakifuta vumbi, akamvalisha mumewe pale pale chini, akafunga kamba. Kisha akasema maneno ambayo kila aliyekuwepo anaweza kuyarudia: "Baba, hiki kitu hakitoki geti hili mpaka kiwe na fomu. Na sahihi isiwe yako." Akageuka, akanitazama. "Wala isiwe ya mtu anayekuogopa."

Nilipomwonyesha Mzee mstari ule na kumweleza nilitegemea afoke. Aliusoma mara mbili. Akaanza kucheka, akashika mbavu zilizokuwa zinamuuma, akazidi kucheka. Akasema miaka yote anatumia neno hilo na hakuwahi kuona kwamba lina kazi mbili. Jumatatu yake aliingia ofisini, akachukua fomu ya kupimia magari, akafuta neno "kulia" kila lilipo na juu yake akaandika "kuume". Mkono wa kuume, mkono wa kushoto. Fomu mpya zimeshachapishwa hivyo. Vijana wanaoshangaa kwa nini karakana yetu inaongea kama mababu, basi sababu ni Spana.

Tulianza upya. Betri ilikuwa upande wa kushoto, kwa hiyo kila akikata kuume uzito wote ulimtupa nje, na ukweli ni kwamba gurudumu lilikuwa linanyanyuka kwenye kilomita kumi na nne. Akaihamishia betri chini ya kiti, katikati. Akashusha kiti vidole vinne. Fundi wa kuchomea akatanua ekseli ya mbele kwa shubiri moja. Alihangaika juu ya chombo kile kama mtu anayekimbizana na treni, na kweli alikuwa anakimbizana na tarehe.

Mara ya kwanza alipoleta fomu kwangu, mmoja wa wapimaji aliowafundisha, nilimwandikia Bado, kwa sababu breki ya mbele ilivuta upande mmoja. Mara ya pili nilimwaga maji kwenye kona, gurudumu la nyuma likateleza. Bado. Mara ya tatu nilimwomba ashike breki katikati ya kona, jambo ambalo mtu hulifanya mbuzi akikatiza, na chombo kikayumba. Bado. Hapo alininunia. Siku mbili salamu yake kwangu ilikuwa kikohozi. Wenzangu walinifuata stoo mmoja mmoja. Mama Spana, msainie mzee wa watu, anaondoka. Niliwajibu wote jibu moja, kwamba najua anaondoka, ndiyo maana nataka afike.

Sitaficha kwamba ilinitesa. Ni mtu aliyenishikia mwanangu nikala, aliyenibebea zamu tatu nilipolazwa na mtoto kliniki bila kumwambia mtu. Kumnyima sahihi mtu kama huyo si jambo dogo, na siku zilikuwa zinapungua, zikabaki kumi, zikabaki saba. Lakini kila nilipoishika kalamu nilikiona kile kiatu katikati ya kona.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mkewe alikuja tena na kiti chake. Safari hii alinyoosha mikono, akampokea Spana, na daftari la mtoto pia akalichukua yeye, akaniambia mimi nipime nami nisimsikilize mwingine. Mzee alilala kwenye Kitanda. Kukavu, kuume, kilomita kumi: kimya. Kumi na tatu: kimya. Kumi na saba: kimya. Kumi na tisa gurudumu likanyanyuka, upana wa vidole viwili, akalegeza mkono likarudi chini taratibu, naye akapiga ukelele wa furaha hadi mlinzi akaja mbio. Kushoto likanyanyuka kwenye ishirini. Nikamwaga maji. Nikamwambia ashike breki ndani ya kona. Tukarudia. Tukarudia tena. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyeenda kivulini.

Niliijaza fomu juu ya boneti. Kuume, kumi na tano. Kushoto, kumi na sita. Nikaweka alama kwenye Tayari, nikatia sahihi. Aliisoma bila miwani, kisha na miwani, akasema ile kumi na tisa ilikuwa karibu ishirini, kwa hiyo kwa kuume nimwongeze kilomita moja tu, ya zawadi. Nilikataa. Aliikunja fomu vizuri, akaitia mfukoni wa shati, akamwambia mkewe kwamba sasa anaweza kustaafu.

Kwenye kumbukumbu za ofisi mafanikio yake ni mengi: wapimaji saba aliowafundisha, fomu aliyoitengeneza upya mara mbili, na miaka ishirini na miwili ambayo hakuna gari lenye sahihi yake lililomwangusha mgonjwa kwenye kona. Anamshukuru mkuu kwa ule uwanja, nasi tunamshukuru mkewe kwa kutukopesha mume ambaye hata Jumapili alikuwa akipita kusikiliza kama jenereta linavuma. Kochi, tumeambiwa, limepelekwa kwa binti yake. Atakuwa akilitembelea.

Mzee wetu, umetuzoesha kukuona ukihangaika, na hatukuombei utulie, maana tungekuwa tunamwombea mtu mwingine. Tunakuombea barabara kavu, betri iliyojaa, na mjukuu anayekusubiri kwenye kona ya saba. Goti la kushoto liendelee kucheka.

Wafanyakazi na wageni wanaombwa kusimama upande wa kushoto wa geti kuanzia saa kumi na nusu. Mstaafu atatoka amelala kwenye Kitanda chake na kukata mkono wa kuume, mwendo usiozidi kilomita kumi na tano. Nitakuwepo na daftari. Kuhusu kulia, neno hilo halimo tena kwenye fomu yetu, kwa hiyo siku hiyo halina mpaka.