Simu Sita Zilizoimba Bila Sauti

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesikia safu za mbele tu. Na huko nyuma asifiwe!

Mimi ni fundi simu wa pale Ng'ambo, wengi mnanifahamu. Ufundi sikuusomea chuoni. Nilijifunza kwa kusoma maelekezo, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, hata yale mnayoyatupa pamoja na boksi. Kwa hiyo nilijiona mtu asiyekosea. Kiburi hicho ndicho kilichonifunga!

Mnamjua Dada Kabula wa Bukene, anayerekodi nyimbo zake mwenyewe, bila kampuni wala mfadhili. Alipoimba kwenye harusi ya mdogo wangu nilimtunza kama desturi yetu ilivyo: nilicheza mpaka mbele, nikamchomekea noti kwenye nyuzi za gitaa. Baadaye nyimbo zake zikaingia mtandaoni. Nikasoma kwamba wimbo ukisikilizwa huko, mwenye wimbo hupata pesa kidogo. Nikafurahi! Nikasema, sasa nitamtunza nikiwa nimekaa.

Nikaweka utaratibu. Simu ya mteja ikishapona, naibakiza mezani siku moja zaidi, eti kwa majaribio, naiwashia wimbo wa Kabula ujirudie kutwa. Zikafika simu sita kwa wakati mmoja. Sauti nilizima, maana wimbo mmoja kwenye simu sita ni fujo. Na bando, ndugu zangu, lilikuwa la mteja.

Siku moja Mzee Saidi, muuza vitenge, akaja amefura.

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo baadaye! Bando langu la wiki liko wapi?"

"Mzee, limeingia kwenye kazi ya Bwana."

"Mimi naswali mara tano kwa siku, fundi, na sijawahi kuswali kwa bando la mtu!"

Kabla sijajibu, Kabula akaingia na gitaa mgongoni. "Kaka fundi, wewe unaonana na watu wengi. Nitafutie wa kulinunua hili. Muziki haunilishi. Narudi Bukene kulima karanga."

Nilishtuka! "Dada, haiwezekani. Wimbo wako unapigwa hapa kutwa, simu sita!"

Akaziangalia. "Mbona sisikii kitu?"

"Nimezima sauti."

Akainama, akasoma kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akainuka taratibu. "Huu ukurasa si wangu. Kuna mtu kanakili wimbo wangu akauweka kwa jina lake. Jina lenyewe hili hapa juu."

Ndugu zangu! Mimi, msomaji wa kila karatasi, sikuwa nimesoma mstari wa juu. Miezi mitatu nilimlisha mwizi kwa bando la watu, na mwimbaji wetu anauza gitaa!

Mzee Saidi akashika kiuno. "Kumbe tumeibiwa wote wawili, binti yangu."

Kabula hakunigombeza. Alisema tu, "Kaka, harusini nilikuona unakuja. Siku hizi eti unanisikiliza, lakini sikuoni."

Neno hilo lilinivunja. Nikatoka nyuma ya meza yangu. Nikacheza, ndugu zangu, mchana kweupe, bila muziki wowote, bisibisi ikiwa bado nyuma ya sikio! Nikachomeka kwenye nyuzi noti niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya viatu. Mzee Saidi akanitazama, akacheka mpaka akashika mlango. "Basi na mimi nimtunze, ila aimbe, maana nimeshaulipia wimbo huo na sijausikia hata mara moja!" Kabula akalishusha gitaa, akamwimbia palepale. Wapita njia wakasimama, na mikono ikaingia mifukoni.

Gitaa halikuuzwa. Siku hiyo nilifunguliwa! Mabando nimeyarudisha yote, Mzee Saidi ni shahidi. Sasa mtu akitaka wimbo wa Kabula dukani kwangu, nampa namba yake, amtumie yeye mwenyewe kitu chochote kwanza, ndipo nimwonyeshe ukurasa ulio wake kweli.

Ndugu zangu, simu zenu nimezitengeneza mimi. Najua ni akina nani wameweka wimbo huo kama mlio wa simu. Siwataji, ingawa mzee wa kanisa mmoja tayari anainamisha kichwa. Kabula huyu hapa karibu na kwaya, na gitaa lake. Mwaminini Mungu anayetupa nyimbo, na msimwache na njaa yule anayetuimbia. Mchungaji, nishikie kipaza sauti. Dada Kabula, piga! Ninakuja, na viatu ni vilevile vya zamani.