Mama Majoka na Kitabu cha Tisa

Ndugu waombolezaji, haya ninayosoma sikuhadithiwa na mtu, niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, tangu dada yangu, ambaye mtaa mzima mlimwita Mama Majoka, alipozaliwa tarehe 9 Machi 1962 katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yetu, na anayetaka kunong'ona kwamba mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye asubiri tumalize kuzika.

Alisoma hadi kidato cha nne, mimi nikaishia darasa la sita, lakini vitabu vyake vyote vinane vya majoka na falme za mawinguni nilivisoma kabla wino haujakauka, kwa hiyo hakuna wa kunifundisha hapa. Aliajiriwa mwaka 1983 kama mpiga chapa katika ofisi ya maji, akaolewa tarehe 15 Agosti 1992 na shemeji yetu fundi umeme, aliyemsubiri miaka saba bila kununa, wakajaliwa binti mmoja, huyu aliyeshika picha.

Uchumba ule ndio alioutia vitabuni. Katika kitabu cha kwanza binti mpanda joka na mfua vyuma wanatukanana tu, katika cha pili mfua vyuma anaitengeneza ngao ya binti bila kuombwa, katika cha nne binti anajikuta anaitafuta sauti ya nyundo ile kila akirudi vitani, katika cha sita wanagombana vibaya kwa sababu kila mmoja amemficha mwenzake hofu yake, na katika cha nane anamshika mkono, basi, mkono tu, na watu wazima walilia, sitaji mtu. Mchapishaji, yule bwana wa suti ya kijivu aliyejipachika safu ya wafiwa, alitaka wabusiane ukurasa wa kumi, dada akamuuliza, "Baba, una haraka gani, kwani kuna basi unawahi?"

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka jana, akalazwa, na bwana huyu akamfuata hukohuko wodini, mtu ana mpira wa dripu mkononi, eti atie sahihi ili mwandishi mwingine amalizie kitabu cha tisa na kumwoza binti kwa mwana wa mfalme, ndivyo kinavyouzika. Dada akamwambia, "Toka hapa, mwizi mkubwa we," akaisukuma karatasi ikaanguka sakafuni, nami nimekaa palepale.

Alifariki tarehe 2 Juni, saa tatu asubuhi, na jana, mwili haujatoka mochwari, karatasi ileile imeletwa kwa shemeji. Shemeji, najua umechoka, na peni nimeiona mfukoni mwako, usithubutu! Mfua vyuma ni wewe, sasa unataka kuachwa kwa sahihi yako mwenyewe?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti, na wenzake wa ofisi ya maji. Bwana wa suti naye tunamshukuru kwa kufika, geti analijua.

Pumzika, dada, hakuna wa kukuharakisha tena.

Na kwa kuwa mpwa wangu ananikazia macho, niseme moja: siku ile dada hakuwa na sauti tena, karatasi aliisukuma kweli, kwa kiwiko, ila hayo ya mwizi mkubwa niliyatunga mimi, na siyafuti.