Ardis Tollefsrud, Aliyenyweshwa Maziwa Hadi Mwisho

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi za zizini asubuhi hii ya baridi, historia hii inasomwa na Verna, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia, na ifahamike mapema kwamba Verna aliombwa aipunguze makali, akakataa.

Marehemu Ardis alizaliwa tarehe 9 Aprili 1948, katika shamba la wazazi wake, Elmer na Selma Bakken, nje kidogo ya Nordahl, hapa hapa Wisconsin, akasoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda, kisha sekondari ya Nordahl, aliyohitimu Mei 1966, na mwezi uliofuata akavikwa taji la Malkia wa Maziwa wa wilaya, akapigwa picha ameshika glasi iliyojaa pomoni, picha ambayo wilaya nzima iliipenda kuliko ilivyompenda mwenyewe.

Septemba mwaka huo aliajiriwa katika kiwanda cha jibini, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2010, na tarehe 12 Oktoba 1968 alifunga ndoa na Lyle Tollefsrud katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Curt, aliyezaliwa mwaka 1970, na Renae, aliyezaliwa mwaka 1974, ambaye ndiye anayekamua ng'ombe wa familia tangu baba yake alipofariki mwaka 2009.

Ugonjwa ulianza mwaka 2011 kwa mawe kwenye figo, ukafuata uchovu, kiu isiyokatika na maumivu ya mifupa, na tarehe 20 Novemba 2014 akavunjika kifundo cha mkono kwa kufunga tu lango la zizi. Hapo Nordahl ikamhurumia kwa namna yake, na familia inalisema hili kwa hasira, mlileta maziwa, mlileta jibini, mlileta vidonge vya kalsiamu, maana hapa kwetu mfupa ukivunjika anayelaumiwa ni mtu asiyemaliza glasi yake. "Kunywa, Ardis, mifupa yako ina njaa," aliambiwa humu humu kanisani, naye akanywa kwa heshima, na wakati huo damu yake ilikuwa imeshajaa kalsiamu hiyo hiyo, ambayo mifupa yake ilikuwa ikinyang'anywa na tezi moja ya shingoni, ndogo kama harage, iliyovimba ikawa haijui kuacha.

Kila alipopimwa damu, kalsiamu ilikuwa juu, na daktari wa kliniki, ambaye hatutamtaja kwa kuwa tuko kanisani, alicheka akamwambia, "Sasa wewe Malkia wa Maziwa, ulitaka kalsiamu yako iwe chini?" Ardis naye akacheka, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, tukiulizwa hali zetu tunajibu "si mbaya sana" hata kama tunakufa, na alipoanza kusahau majina ya ng'ombe aliowazalisha mwenyewe, na kulia bila sababu, akaandikiwa dawa za huzuni, akaambiwa ni ujane na umri. Ilikuwa tezi, na kipimo kimoja zaidi cha damu kingeifichua, na upasuaji mdogo ungeiondoa.

Tarehe 29 Januari 2019 Renae alimkuta mama yake jikoni, maneno yake hayaeleweki, akamkimbiza hospitali kubwa ya mjini, ambako Dkt. Lindqvist aliagiza kipimo hicho siku hiyo hiyo, lakini figo zilikuwa zimechoka, na moyo nao, na Jumapili alfajiri, tarehe 3 Februari, Ardis akafariki.

Daktari huyo alitueleza kwamba tezi ya namna hii wakati mwingine hutembea katika ukoo, akawapima watoto, Curt yuko salama, Renae hayuko salama, na daktari wa upasuaji anamsubiri Jumanne, tarehe 12 Februari, saa tatu asubuhi. Jana jioni, akiosha vyombo, Renae alisema, "Mama mdogo, Jumanne siwezi, ng'ombe wanakaribia kuzaa, halafu mbona mimi niko sawa tu." Verna akamjibu, "Mama yako naye alikuwa sawa tu, na kesho tunamzika."

Familia inamshukuru Dkt. Lindqvist na wauguzi wake, inawashukuru wafanyakazi wa kiwanda cha jibini waliobeba jeneza, na kina mama walioandaa chakula kilichoko kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Daktari wa kliniki ametuma maua, tumeyapokea, yako nje kwenye theluji.

Majirani, nanyi mnashukuriwa, ila kwa sharti, asije mtu kwa Renae na jibini. Jumanne alfajiri njooni na mabuti yenu, mkamue, na ng'ombe atakayezaa azalishwe na ninyi, maana saa hizo Verna atakuwa amempakia Renae garini, kwa hiari yake au kwa kubebwa. Atakayekuja ainue mkono sasa, mbele ya jeneza hili, Renae aone.

Pumzika kwa amani, dada Ardis. Sisi tunangoja mikono.