Buti Zake Zilikuwa Safi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mapezi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni mimi ninayewasomea wasifu huu.

Shule alianza 1966. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye alisonga mpaka stashahada ya afya ya samaki, 1981. Utotoni alimficha samaki kwenye beseni la kufulia, mama akamimina sabuni bila kuangalia. Alilia weee, halafu akaomba kisu aone kilichomuua.

Februari 1982 aliajiriwa kwenye maabara ya maradhi ya samaki, kuchunguza kwa darubini jinsi kirusi kinavyoua seli za samaki. Mimi nilidhani kinazitafuna. "Hapana, kaka," aliniambia, "seli hujiua yenyewe. Mara nyingine hujitoa mhanga ili jirani zake wapone. Mara nyingine kirusi ndicho kinachoilazimisha ife, kipate kutoka kiende kwa jirani." Nikamwambia basi hao jirani wahame. Alicheka mpaka akavua miwani.

Alifunga ndoa na fundi pampu tarehe 4 Desemba 1986, wakapendana kweli.

Sasa niseme lile. Agosti 1997 samaki wa bwawa langu walianza kufa. Aliniagiza wavu niuloweke kwenye dawa siku nzima kabla sijautumia kwingine. Sikuuloweka, niliona utaoza bure. Kesho yake nikauvulia kwenye mabwawa ya ushirika wetu wa wafugaji samaki. Wiki mbili hazikuisha, mabwawa tisa yamejaa mizoga.

"Ni huyu wa maabara anayetukagulia mabwawa," watu wakasema, "kaleta ugonjwa kwa buti zake!"

Nilikuwepo. Nikatazama chini. Aliondolewa kwenye ukaguzi wa mabwawa, kazi aliyoipenda kuliko zote, akafungiwa na darubini mpaka alipostaafu 2018. Aliniuliza mara moja tu, "Kaka, wavu uliloweka?" Nikasema ndiyo.

Figo zilianza kumsumbua 2022. Alifariki tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla, nikimmenyea chungwa, aliuliza, "Siku hizi unaloweka, kaka?"

"Kila mara."

"Vizuri," akasema, akapokea chungwa. Kumbe miaka yote alijua.

Wanaushirika, buti zake zilikuwa safi. Ulikuwa wavu wangu.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na kaka aliyechelewa kusema. Apumzike kwa amani, na jina lake lipumzike naye.