Clement Birtwell, Mwenyekiti Aliyeahirisha Kura

Mchungaji, mama yetu mpendwa, baba mkubwa Norman, majirani wa Harle Bridge na wanachama wa klabu ya chama cha Wahafidhina mliojaa hadi kibarazani, mimi ni Rosalind, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, kwa utaratibu, kama nilivyozoea kuwasomea watoto wa darasa la pili kwa miaka thelathini na mmoja.

Clement Arthur Birtwell alizaliwa tarehe 9 Februari 1943 hapa Harle Bridge, Lancashire, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Arthur, fundi wa mashine za kufuma, na bibi Hilda, aliyekuwa akiuza mikate ya nyama sokoni. Alisoma shule ya msingi ya kanisa hili kuanzia mwaka 1948, akafaulu kuingia sekondari mwaka 1954, na alipomaliza mwaka 1959 hakumfuata kaka yake Norman kiwandani, bali aliajiriwa katika duka la misumari, rangi na bawaba la Mtaa wa Bridge, duka ambalo alilinunua mwaka 1971 na kuliendesha hadi alipostaafu mwaka 2009.

Tarehe 8 Juni 1968 alifunga ndoa na mama yetu, Enid Sagar, mbele ya madhabahu hii hii, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1970 na mdogo wangu Philip mwaka 1973, na wajukuu watatu, ambao aliwafundisha kucheza drafti na hakuwahi kuwaachia washinde.

Baba alijiunga na klabu mwaka 1962, naye aliamini tangu ujana hadi mwisho kwamba serikali ikae mbali na duka la mtu, kodi iwe ndogo, na mnunuzi aachwe achague mwenyewe. Mwezi Machi 1982 ililetwa hoja klabuni kwamba chama kiitake serikali itoze ushuru nguo za kutoka nje, viwanda vyetu visife, na mtoa hoja alikuwa kaka yake, Norman, msimamizi wa wafumaji. Baba alisimama kumpinga, akasema vizuri sana, watu wakacheka na kupiga meza, hoja ikaanguka kwa tofauti ya kura tisa. Kiwanda kilifungwa Juni 1984, na ingawa kila mtu alijua kwamba mikono iliyonyooshwa katika ukumbi wetu mdogo haikuwa imeamua jambo hilo, baba mkubwa alirudisha kadi yake ya uanachama, akamwambia baba mlangoni, “Hoja umeshinda, Clem. Haya, kawapikie watu hoja wale.” Hawakusemeshana kwa miaka kumi na mmoja.

Mwaka 1995, akipanga makaratasi ya zamani ya klabu, baba alisoma kumbukumbu za kikao kile, akagundua kwamba kaka yake alikuwa ameomba ushuru wa miaka mitano tu, ili wafumaji wapate muda wa kujifunza kazi nyingine, naye alikuwa amemjibu kana kwamba ameomba ushuru wa milele. Alivaa koti, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa kaka yake, akamweleza hoja hiyo ya Norman mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole, na baba mkubwa akamwambia, “Sasa ndiyo umenisikia, bwana mdogo. Ingia, chai inapoa.” Kuhusu ushuru wenyewe hawakukubaliana hata siku moja.

Alipochaguliwa mwenyekiti mwaka 1996, aliweka kanuni ambayo klabu nyingine ziliicheka, kwamba hakuna atakayempinga mwenzake kabla ya kuieleza hoja ya mwenzake hadi mwenyewe aseme, “Ndiyo hivyo.” Vikao vilirefuka, lakini baba mkubwa alirudi.

Moyo wa baba ulianza kusumbua Mei 2022, na mwezi wa tisa mwaka huu daktari alimkataza vikao. Hata hivyo tarehe 19 Oktoba alikwenda, kwa sababu klabu ilikuwa inataka kupasuka, diwani Imogen Hartshaw na vijana wakisema chama kirudi kwenye kodi ndogo na soko huria, mzee Ronald Pilling na wenzake wakisema chama kilinde viwanda na miji kama yetu au wao wanaondoka, na baba alituambia hataki kufa akiwa mwenyekiti wa mwisho. Kanuni ilifuatwa. Mzee Pilling alijaribu mara tatu kuieleza hoja ya Imogen, na kila mara Imogen alitikisa kichwa, “Hapo umetia chumvi, mzee wangu,” hadi mzee akafoka, “Binti, nikisema vizuri zaidi ya hapa nitaipigia kura!” na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kura zilipohesabiwa zilikuwa ishirini na nane kwa ishirini na nane.

Kura ya kuamua ilikuwa ya mwenyekiti, na wote tulijua moyo wake uko upande gani. Baba alisimama akishika meza, akasema, “Nikiwaamulia leo, nusu yenu mtakwenda nyumbani na hamtarudi. Rudini tarehe kumi na sita mwezi ujao, bado hamjamalizana.” Alifariki Jumatatu, tarehe 6 Novemba 2023, saa nne asubuhi, hospitalini, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliotuletea chakula hadi tukakosa sufuria za kurudisha, na wafanyakazi wenzake wa zamani wa dukani waliolibeba jeneza. Tunawashukuru pia Imogen na mzee Pilling, waliokuja nyumbani juzi, pamoja, kutuarifu kwamba kikao kipo kama alivyopanga, kwamba baba mkubwa Norman ataketi kwenye kiti cha mwenyekiti, na kwamba wao wameomba kubadilishana, kila mmoja afungue kwa kuitetea hoja ya mwenzake. Mpaka leo asubuhi hakuna mwanachama hata mmoja aliyerudisha kadi.

Baba, pumzika kwa amani. Kesho saa moja jioni tutakuwepo wote.