Mama Spès na Swali la "Umeacha Nini?"

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 1992, Mama Spès Mukagasana anastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu ya meno hapa Kimisagara kwa miaka ishirini na mmoja kasoro mwezi mmoja. Huo mwezi tunautaja kwa sababu yeye mwenyewe hapendi hesabu za kukadiria.

Alianza mwaka 1971 akiosha na kuchemsha vifaa. Baada ya miaka minne akahamishiwa dirishani kuwapokea wagonjwa na kuandika kadi zao, na hapo ndipo alipoanza kutuchosha. Kadi iliuliza jina, umri na jino linalouma. Yeye akaongeza swali lake: tangu jino liharibike, umeacha nini? Foleni ikafika barabarani. Daktari Achille alinung'unika kwamba yeye anatibu meno, si maisha ya watu, na mimi, msaidizi wake, nilimcheka Mama Spès waziwazi.

Watu wazima hawaji kwetu mapema. Huanza na karafuu, kisha tumbaku, kisha hutafuna upande mmoja mpaka wakazoea. Katika kadi zake yumo mama aliyeacha kuimba kwaya, mwalimu aliyeacha kusoma kwa sauti mbele ya darasa, na karani aliyekaribia kufukuzwa kazi kwa kusinzia mezani, maana jino lilimnyima usingizi wiki tatu nzima.

Februari mwaka jana akaja Kamanzi, fundi seremala. Kwa sababu ya vita dawa ya ganzi ilikuwa haba, na utaratibu ulikuwa waliovimba kwanza. Kamanzi hakuwa amevimba, akapangiwa wiki sita mbele. Mama Spès akamuuliza swali lake. Alitaja mahindi ya kuchoma, kisha akasema huku ameziba mdomo kwa mkono: "Mama, mrija niliacha. Mdomo iko na harufu, nitapatia wengine namna gani?"

Sote tunajua maana yake. Chungu cha pombe ya mtama kikiwekwa katikati, mrija huzunguka, na anayeukataa ni kama amesema hamwamini mwenyeji. Kamanzi alikuwa ameukataa mara mbili nyumbani kwa wazazi wa kijana aliyemposa binti yake, Christella. Wale wazee wakaona wanadharauliwa. Walikuwa wamempa nafasi moja ya mwisho, baada ya siku kumi na moja. Akikataa tena, hakuna ndoa.

Mama Spès alifunga dirisha, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akaingia chumba cha matibabu na kadi mkononi, akasimama mbele ya Daktari Achille mpaka alipoisoma yote. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, Kamanzi aling'olewa mizizi mitatu na kuzibwa meno mawili. Vifaa alichemsha Mama Spès mwenyewe.

Mrija ulipofika kwa Kamanzi, alivuta. Jumatatu iliyofuata alikuja dirishani kutuambia, akacheka mdomo wazi, na Mama Spès akaenda nyuma kuosha vifaa ambavyo vilikuwa safi tayari. Wiki hiyo Daktari Achille aliomba kadi zote za zamani, akazisoma. Sasa swali limepigwa chapa kwenye kila kadi, na utaratibu wa foleni umebadilika.

Mama Spès, nilikucheka, na leo ninakuomba radhi mbele ya wote. Jana ulinikalisha dirishani peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilipouliza swali lako, mwanamke wa kwanza kwenye foleni alianza kulia kabla hajajibu. Niliweka kalamu chini nikamsubiri.

Anatibiwa Jumatatu. Asante kwa yote, mama. Nenda nyumbani kwako Kagarama ukapumzike, ule unachopenda, na maisha yawe mema kwako siku zote.